Shamba la Mwalimu Sada

Nilikwenda msibani Makole nimevaa vizuri, maana siku hizi navaa vizuri hata nikienda gengeni, na haki hiyo ninayo. Niliondoka Dodoma na begi moja la mkononi. Nikafagia vyumba vya hoteli Gaborone, jioni nikaenda darasani, nikapata stashahada ya uhasibu, nikarudi nikajenga Mkonze nyumba yenye vigae mpaka jikoni, wala hayupo mtu wa kusema alinishika mkono. Stashahada nimeitundika sebuleni mkabala na mlango, mgeni aione kabla hajakaa. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba anayesimulia si mtu wa kulialia. Aliyefariki ni Sada, mwalimu Sada, ambaye mwaka mmoja wa ujana wangu nilikaa naye chumba kimoja katika kijiji cha upande wa Mlali. Uani niliwakuta wanawake wamezunguka masinia ya mchele wanachambua. Nikavuta kigoda, nikapokea sinia langu, nikainamisha kichwa kama wenzangu.

"Si ndiye huyu aliyekwenda kufundisha huko kwa Wagogo bila mshahara?" aliuliza mmoja mwenye khanga ya kijani.

"Huyu huyu," akajibu wa pembeni yake. "Wakawa wanamlimia kwa pombe. Mtoto wa Kiislamu, kula yake yote ya pombe!"

"Astaghfirullah, wifi, maiti bado iko ndani."

"Nasema nilichosikia. Na wale wazazi walevi wa kutupwa, ndiyo maana watoto wao walifeli. Lilisemwa mpaka kwenye mkutano wa wakubwa."

Mkutano huo nilikuwepo. Nilikaa safu ya tatu. Na mimi ambaye mdomo wangu haujawahi kuogopa mtu, si huku wala ugenini, niliendelea kutoa chuya kwenye mchele, kwa sababu kuwajibu wanawake wale kulihitaji mwaka mzima, na mwaka mzima hauelezeki katikati ya kuchambua sinia moja. Ndiyo maana nauandika hapa.

Elimu ilikuwa imeshatangazwa kuwa bila malipo, na huko kwetu michango ya shule ilikuwa imepigwa marufuku kwa maneno makali. Mwalimu mkuu akionekana kupokea hata debe la nafaka kutoka kwa mzazi, alikuwa amejiweka pabaya. Ukaja mradi wa utafiti uliotaka kujua jambo moja: kama shule ni bure, mzazi anatoa nini hasa mpaka mtoto amalize darasa la saba? Walitafuta vijana wa kukaa vijijini mwaka mzima. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nakijua Kigogo, na kwa sababu kwenye usaili nilimsahihisha hesabu ya asilimia yule aliyekuwa ananiuliza maswali. Mkuu wa mradi tulimwita Dokta. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, na maagizo yake yalikuwa mafupi. "Kaa nao, Debora. Kila kinachotoka nyumbani kwa ajili ya shule, kigeuze shilingi. Kuni, maji, siku ya kazi, kila kitu. Na wewe usitoe kitu wala usisaidie kitu. Ukisaidia, unakuwa sehemu ya gharama, na hesabu inaharibika." Niliyaona maagizo ya kisomi sana. Niliyarudia kwa sauti yake nilipokuwa nawaaga rafiki zangu, ili wajue ninakwenda kufanya kazi ya namna gani.

Chumba walichonipa kilikuwa cha Sada, katika nyumba ya mwalimu yenye sakafu iliyopasuka mpasuko mrefu kutoka mlangoni hadi chini ya kitanda, na siafu walikuwa wakitokea humo mvua ikinyesha. Aligawa chumba kwa khanga mbili zilizoshonwa pamoja, upande wake mswala, kanzu ya kuswalia kwenye msumari na madaftari ya wanafunzi yaliyopangwa ukutani kama matofali. Upande wangu kitanda cha kamba na ndoo. Jiko la mkaa tuliliwasha nje kukiwa kukavu, ndani kukinyesha, tukakohoa wote wawili. Yeye alikuwa mtoto wa Makole kabisa, wa ukoo uliofika na misafara ya zamani ukabaki kufanya biashara, na alikisema Kiswahili cha kwao cha taratibu, hata akikugombeza. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, anasubiri ajira ya serikali, na kila majina yalipotoka lake halikuwemo. Alikuja shuleni pale kushikilia darasa kwa muhula mmoja, akakuta hakuna mtu mwingine wa kufundisha hesabu madarasa ya juu, akabaki. Nilimkuta amewashika watoto wale tangu wakiwa darasa la tano, sasa wako la saba, na mtihani wao ulikuwa Septemba. "Hawa nawafikisha," aliniambia usiku wa kwanza, akisonga ugali wa uwele kama mtu aliyezaliwa nao. "Baada ya hapo nitaondoka hata kwa miguu. Lakini hawa nawafikisha." Tulikula ugali huo kwa mlenda na maziwa mgando, akanicheka nilivyokuwa navuta mlenda kwa aibu. "Mgogo gani wewe unaogopa mlenda?"

Kazi yangu ilianza vibaya. Nyumba ya kwanza niliuliza shule inawagharimu nini. Bure. Ya pili, bure. Ya tatu nilijibiwa bure na mama aliyekuwa wakati ule ule anamtwisha bintiye mzigo wa kuni wa kupeleka shuleni. Walimwogopea mwalimu mkuu. Mgeni katoka Dodoma, ana kalamu, anauliza michango, nani angejibu? Watu walinibatiza jina la Mama Bei, kwa kuwa niliulizia bei ya kila kitu, mpaka ya ufagio. Aliyenipa jina hilo alikuwa Mzee Ndahani, mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee mwembamba aliyevaa koti zito hata jua likiwa la kuchoma.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Mama Bei. Leo unaulizia bei ya nini?"

"Ya mwalimu Sada. Hana mshahara. Anakula nini?"

"Ana shamba."

"Nani analilima? Yeye yuko darasani kutwa."

"Majirani. Kwani huko mjini jirani hakulimii?"

"Mjini hakuna shamba, babu."

"Basi ndiyo maana mnauliza uliza."

Jumamosi iliyofuata nililiona shamba lenyewe. Watu walifika na majembe jua halijachomoza, wanaume kwa wanawake, wakajipanga mstari mmoja na kuanza kupalilia huku wakiimba, na Sada amesimama pembeni na ndoo ya togwa. Togwa hiyo ilikuwa na historia yake. Desturi ya huku ni kwamba anayeita watu kumlimia huwaandalia mtungi wa pombe, ujimbi wa uwele au mtama, na watu wakimaliza hunywa kwake mpaka waridhike. Sada hangeweza kupika pombe, kununua wala kuigusa. Mwaka wake wa kwanza aliwaandalia togwa, isiyolevya, wakanywa, wakashukuru kwa heshima zote, na Jumamosi ya pili hakuja mtu. Hapo wanawake wakapanga zamu. Kila wiki mama mmoja alipika ujimbi nyumbani kwake, kwa jina lake na si la Sada, kwa nafaka yake mwenyewe, na kazi ikiisha watu walikwenda kunywa huko. Sada hakuuona mtungi hata siku moja. Yeye aliendelea na togwa yake, nao waliendelea kuinywa kwa ajili yake.

"Mwalimu, togwa yako tamu, lakini inalegeza mgongo!" alipiga kelele Mama Yona, mwanamke mwenye kifua cha kuimbisha, na mstari mzima ukacheka. Kisha akanigeukia mimi. "Mama Bei, acha kuandika, shika jembe!"

"Nimekatazwa kusaidia, mama."

"Na nani? Mumeo?"

"Na Dokta."

"Basi huyo Dokta akupe na dawa ya uvivu!"

Nikafanya hesabu. Sifa hii najipa mwenyewe, kwa sababu hata wasomi wa mradi hawakuifikiria: nilizunguka nyumba zote za zamu, nikapima uwele ulioingia kwenye mitungi, nikaulinganisha na uwele ambao shamba lile lilimpa Sada msimu uliopita. Uliokwenda kwenye pombe ulikuwa mwingi zaidi. Niliurudia mara kadhaa nikidhani nimekosea. Watu wale walikuwa wanatoa nafaka nyingi ili mwalimu apate nafaka kidogo, na walikuwa wanaitoa miezi ile ambayo maghala yao yenyewe yalikuwa yanaonyesha sakafu. Nilikwenda kwa Mzee Ndahani nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua kitu. Nikamuuliza kwa nini wasimpe tu huo uwele mkononi, yaishe.

Alinitazama kwa huruma. "Tukimpa mwalimu debe la uwele, hicho kinaitwaje?"

"Mchango."

"Mchango umekatazwa?"

"Umekatazwa."

"Anafukuzwa nani?"

"Mwalimu mkuu."

"Kumlimia jirani na kunywa pombe kumekatazwa?"

"Hapana."

"Haya."

Akaendelea, sauti imeshuka. "Sasa mjukuu wangu, wewe ndiye mwenye kalamu. Ukiandika kwamba pombe hii ni ya shule, wanamchukua mwalimu mkuu. Usipoandika, watasema kweli elimu ni bure. Tuambie basi, uandike nini?" Wakati ule nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, sikuwa na jibu. Leo nina stashahada ya uhasibu, nimefunga vitabu vya kampuni tatu, na jibu bado sina. Mzee mwenyewe ndiye aliyeamua. "Andika pombe. Pombe ni pombe." Dokta alipokuja kukagua nilimweleza yote, kweli tupu, tukiwa tumekaa kwenye gari lake madirisha yamefungwa. Alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu. Akasema akiandika nilivyomweleza atamponza mwalimu mkuu, na akiifuta pombe atakuwa ameghushi. "Iache ilivyo, Debora. Chini ya matumizi ya nyumbani."

Usiku ule nilimwuliza Sada kama anajua nafaka inakotoka na inakokwenda. Alikuwa anasahihisha madaftari, kalamu nyekundu mdomoni. "Sijapika, sijanunua, sijaonja," alisema. "Uwele ninaokula umetoka ardhini. Lakini najua, Debora. Kila nikisonga najua." Akavuta daftari lingine. Wanawake wa msibani waliosema kula yake ilikuwa ya pombe hawajui kwamba alishajisemea hivyo mwenyewe, kila jioni, na kwa uchungu kuliko wao.

Mkutano wa matokeo ya awali ulifanyika Dodoma mjini, kwenye ukumbi wa hoteli wenye viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe. Mzee Ndahani alialikwa kuwakilisha wazazi. Alikuja na koti lile lile, akaamkia kila meza, "Mbukwenyi, mbukwenyi," na wengi walimwitikia kwa kutabasamu bila kujua wamesalimiwa. Ukutani wakaonyesha mchoro. Nguzo ya shule ilikuwa fupi, kipande cha kuni na sare. Nguzo ya pombe ilipanda mpaka karibu na kichwa cha habari. Bwana mmoja wa suti ya bluu, mkubwa wa ofisi fulani, akaomba kipaza sauti.

"Hawa watani zangu nawajua!" alisema, na ukumbi ukacheka hata kabla hajamaliza. "Mzee, hebu tuambie ukweli. Nafaka yote hii mnaikoroga, halafu mnatuambia watoto wana njaa shuleni?"

Mzee Ndahani akasimama. "Ni kweli tunakunywa, mkuu. Tukishalima, tunakunywa."

"Shamba la nani hilo linalolimwa kwa pombe nyingi namna hii?"

Alinitafuta kwa macho, akanipata safu ya tatu. Nilimwona anafikiri, na niliyajua mawazo yake kama yangu. Mwalimu mkuu wetu alikuwa amekaa viti viwili mbele yangu, shingo imekakamaa. Dokta alikuwa anaangalia meza. Ningesimama, ningesema neno moja tu, "La shule," na lingekuwa kweli, na kabla ya chakula mtu mmoja angekuwa amepoteza kazi na shule ingekuwa na mwalimu mmoja pungufu badala ya kupata. Nikabaki nimekaa.

"La jirani," alisema Mzee Ndahani.

Walicheka mpaka wengine wakapiga meza. Mchana tulipewa wali na kuku, nikakaa naye. Alikula polepole sana, akigeuza paja la kuku huku na huku. "Mama Bei," akaniuliza, "hii ni bei gani?" Nikamwambia sijui. "Leo hujui?" akasema, akaendelea kula.

Katika mapendekezo ya mkutano liliingizwa moja la kuwaelimisha wazazi wa vijijini waache ulevi na waweke mbele elimu ya watoto wao. Haukupita muda mrefu, mtendaji akasimama mbele ya ofisi ya kijiji akatusomea agizo: ni marufuku kupika na kunywa pombe mpaka msimu wa kilimo uishe, ili wazazi wapate nafasi ya kusimamia masomo. Mwalimu mkuu alipiga makofi, maana alikuwa amesimama mahali pa kuonekana. Jumamosi hiyo ilikuwa ya palizi ya pili. Sada aliamka, akachemsha togwa, akatoka na ndoo. Jua lilipanda. Hakuja mtu. Hawakumsusa, hilo naomba lieleweke. Kila mmoja alikuwa na shamba lake lililozidiwa na majani, na huku mtu halimiwi bila mtungi isipokuwa ni mgonjwa au amefiwa. Mama Yona alikuja jioni na ujanja wake. Akashauri itangazwe kwamba mama yake Sada amefariki Makole; watu wangelima siku hiyo hiyo, na mtendaji asingekuwa na la kusema.

"Siwezi, mama," Sada alimjibu. "Siwezi kumzulia mama yangu kifo."

"Ni maneno tu, mwanangu."

"Ndiyo. Siwezi."

Akalima mwenyewe, akitoka darasani, mpaka giza. Viganja vilichubuka, akawa anashika chaki kwa ncha za vidole, na maandishi yake ubaoni, yaliyokuwa mazuri kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kumwona, yakaanza kupanda na kushuka. Majani yalikua haraka kuliko jembe lake. Kisha mvua ikakata mapema, kama inavyopenda huku kwetu. Mimi nilivunja agizo la Dokta kadiri ya sufuria yetu: nilinunua mchele kwa posho yangu, tukala pamoja, na hakuna mtafiti anayeweza kuniambia nile mwenzangu akinitazama. Lakini posho yenyewe ikaanza kuchelewa, mwezi ukaingia mwezi, na mchele ukawa uji, na uji ukawa chai ya rangi. Uwele uliovunwa Juni uliingia kwenye ndoo, ukabakiza nafasi.

Kaka yake alikuja na pikapu shule zilipofunga. Alisimama mlangoni, akaangalia ile ndoo, akaangalia mashavu ya dada yake. "Dada, umejitolea vya kutosha. Twende nyumbani, ukae dukani."

"Mtihani Septemba, kaka."

"Sawa, Septemba. Mpaka Septemba utakula nini?"

Sada aligeuka akanitazama mimi. Labda alitaka nimsaidie uongo. Mimi niliyepima kila punje ya kijiji kile nilijua nafaka iliyobaki inafika wapi, isingefika hata Agosti, nikaangalia ule mpasuko wa sakafuni. Akakunja mswala. Madaftari aliyaacha yalivyo ukutani, akaniambia niwape wenyewe. Mzee Ndahani alikuja kumuaga, akampa mkono, na hakuwa na kitu kingine cha kumpa ambacho kisingekuwa mchango.

Julai shule zilipofunguliwa nilikuwa bado pale, mradi ulikuwa bado unanidai miezi ya kazi. Asubuhi ya kwanza darasa la saba walikuja wote mpaka mlangoni kwangu, wakasimama. Mwalimu mkuu akaja nyuma yao, akasema kwa sauti ya chini kwamba labda dada angewashikia hesabu, kwa muda. Nilisema ndiyo papo hapo. Hesabu ndiyo fani yangu. Shuleni kwetu hakuna mvulana aliyewahi kunishinda hesabu, na Dokta kama angekasirika, basi akasirike. Nikaingia darasani, nikachukua chaki, nikaandika swali la sehemu, nikalifanya lote mpaka jibu, haraka na safi, nikaligeuza kwa njia ya pili ili waone kwamba njia zote zinafika. Nilipogeuka, walikuwa wamenyoosha migongo, macho yao yametulia kwangu kwa adabu kubwa, na kwenye daftari la mbele lililokuwa wazi niliona wamenakili kila kitu, mpaka mahali chaki ilipoteleza. Nilifanya lingine. Nilifanya hivyo kila siku mpaka Septemba, na kila siku nilijua kujua kwangu hakuvuki kutoka ubaoni kwenda kwenye madawati. Siku hiyo ya kwanza nilipangusa mikono, nikawauliza kama wameelewa. Wakajibu wote kwa pamoja, kwa sauti kubwa, ndiyo.